UZI: Ukucha ukibadilika rangi usiufunike. Tuongee fangasi ya kucha

RangiYaKucha (mwanzisha uzi):

Wadau, habari za leo. Nafanya kazi ya kucha hapa katikati ya jiji, kwenye moja ya zile ghorofa za vibanda ambapo kila mlango ni saluni, kinyozi au duka la nguo. Miguu ya Nairobi nimeiona ya kila aina, ya wafanyakazi wa benki, ya akina mama wa sokoni, ya bibi harusi Jumamosi alfajiri. Uzi huu nauanzisha kwa sababu ya ombi moja ambalo wateja huniletea wakishakaa na kuvua viatu: "Niwekee rangi ya jeli iliyokolea, isionekane."

Isionekane nini? Unakuta ukucha wa kidole gumba umegeuka manjano kuanzia nchani, umekuwa mnene, chini yake kuna ungaunga mweupe unaomeguka ukiugusa na kijiti, na upande mmoja umeachana na nyama. Mara nyingi hiyo ni fangasi. Jeli juu yake ni kama kupiga rangi ukuta wenye unyevu. Kwa wiki mbili utapendeza, na huku ndani uharibifu unaendelea bila mtu kuuona.

Jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote ni kwamba ukucha ulioharibika hautengenezeki pale ulipo. Unachosubiri ni ukucha mpya, safi, uote kutoka kwenye mzizi na uusukume ule mbovu mbele hadi uishe kwa kukatwa. Ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo hujibadilisha wote kwa karibu miezi 6. Wa mguu huenda nusu ya mwendo huo au chini ya hapo. Kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Sasa mtu ananunua mrija wa krimu pale kemisti, anapaka wiki tatu, haoni tofauti, anasema dawa ni bure. Kitu kinachoota milimita moja na kidogo kwa mwezi kingeonyesha tofauti gani kwa wiki tatu? Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo jeli inapoitwa.

Fangasi yenyewe ni kiumbe hai. Inayoongoza kwa kushambulia kucha za miguu huitwa Trichophyton rubrum. Chakula chake ni keratini, ile protini ya kucha, nywele na tabaka la juu la ngozi. Inapenda joto, giza na unyevu, na kiatu kilichofungwa kinaipa vyote vitatu. Kwa kawaida haianzii kwenye ukucha. Huanzia katikati ya vidole, hasa kile cha nne na cha mwisho, ngozi inakuwa nyeupe, inalowa, inawasha na kubanduka. Au huanzia kwenye nyayo, zinakauka na kutoa magamba madogo, mwenye miguu anadhani ni ukavu tu na anazidisha mafuta ya mgando. Kutoka hapo hupenya chini ya ukucha kupitia nchani au pembeni. Kwa hiyo ukitibu ukucha ukaiacha ngozi, ugonjwa utarudi kutoka palepale.

Ukucha nikiushuku, siuwekei jeli wala akriliki wala wa kubandika. Naukata mfupi, naupunguza unene taratibu kwa tupa ya karatasi ambayo naitupa mteja akiona, kisha namsihi aende apimwe. Kuna wanaokasirika wakaingia mlango unaofuata. Siwalaumu, aibu ya miguu ni kitu kizito. Lakini sitabadilisha.

Mwenye swali aulize. Na mwenye utaalamu wa hospitali atusaidie, maana mimi ni mtu wa kucha, si mtu wa dawa.

SojaWaUsiku:

Asante dada kwa uzi huu. Mimi ni soja, nalinda lango, shifti ina urefu wa saa kumi na mbili na buti ni za kampuni. Msimu wa mvua hii ya Machi hadi Mei buti zinalowa usiku wa kwanza, na usiku wa pili nazivaa zikiwa bado na unyevu kwa sababu nimepewa pea moja tu. Kucha za vidole gumba vyote viwili ni manjano na zimekuwa nene hadi wembe unagoma. Mwenzangu kazini akaniambia nitumbukize miguu kwenye Jik, ile dawa ya klorini ya kuondoa madoa. Nimefanya hivyo, ngozi imechubuka na kucha ziko vilevile. Nifanyeje na pea moja ya buti?

RangiYaKucha:

Pole sana kaka. Jik iache leo hii. Kazi yake ni sakafu, choo na vifaa. Ngozi inaiunguza, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa vijidudu vingine.

Buti ukifika nyumbani asubuhi toa soli ya ndani, legeza kamba hadi chini, vuta ule ulimi mbele kabisa, jaza magazeti makuukuu. Yakishanyonya maji, baada ya saa chache, toa uweke mengine makavu. Usizisukume chini ya kitanda. Ziweke dirishani au mlangoni penye upepo. Soli za ndani nunua pea mbili, moja ikiwa kazini nyingine inakauka. Beba soksi za pili kwenye mfuko, na katikati ya shifti vua, futa kati ya vidole hadi pakauke, vaa hizo kavu. Zile za kwanza ziloweke kwenye maji ya moto sana kabla ya kufua, maana fangasi hufia kwenye maji ya nyuzi 60 na zaidi. Maji vuguvugu na sabuni hayaiui. Kisha zianike juani.

Nikisoma ulichoandika naona kuna jambo lisilo lako peke yako. Mtu anayesimama saa kumi na mbili kwenye mvua anahitaji pea mbili za buti. Zungumzeni na wasimamizi kama kikundi.

AfisaWaKliniki:

Nimefurahi kuona mtu wa kucha anawatuma watu wapimwe. Mimi ni afisa wa kliniki upande wa Eastlands, na nina machache ya kuongeza.

Si kila ukucha mnene wa manjano ni fangasi. Kati ya kucha zilizoharibika ambazo watu huleta hospitali, takribani nusu tu ndizo zenye fangasi. Zilizobaki ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, au ni kuumia kwa muda mrefu: viatu vya kubana, mpira wa miguu, kukimbia. Ukucha wa kijani kwa anayevaa akriliki mara nyingi ni bakteria, Pseudomonas, aliyeingia pale akriliki ilipoinuka na maji yakabaki chini. Dawa ya fangasi haimgusi huyo. Ndiyo sababu hatuanzishi vidonge vya miezi mitatu kwa kukisia.

Kipimo kikithibitisha, dawa ya kwanza kwa kawaida ni terbinafini ya miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Isipomfaa mgonjwa, ipo itrakonazoli, ambayo inaweza kutolewa kwa mtindo wa wiki moja kila mwezi, miligramu 200 asubuhi na jioni katika wiki hiyo. Griseofulvini ni ya zamani, humezwa muda mrefu zaidi na huponya wachache zaidi. Ketokonazoli ya vidonge isimezwe kwa ajili ya kucha. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na za Ulaya zote zilichukua hatua dhidi yake kwa sababu inadhuru ini. Hapo sizungumzii ya kupaka wala shampuu yake.

Ukucha ulioshikwa kidogo tu nchani unaweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka iliyo mfano wa vanishi, amorolfini ya asilimia 5 au siklopiroksi ya asilimia 8. Hupakwa miezi mingi, na ukucha hupunguzwa unene kwanza ili dawa ipenye. Krimu ya kawaida ya klotrimazoli inafaa ngozi ya kati ya vidole. Ndani ya ukucha haifiki.

Kabla ya terbinafini tunapima damu kuangalia ini. Ukiwa kwenye dawa, ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yamegeuka manjano, au kichefuchefu hakiishi, acha kumeza na uje siku hiyohiyo. Wengine hupoteza ladha ya chakula, tuambieni pia. Itrakonazoli haimfai mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, na inagongana na dawa nyingi, kwa mfano simvastatini ya kolesteroli na baadhi ya ARV. Rifampisini ya TB huzipunguzia nguvu dawa hizi za fangasi. Kwa hiyo taja kila unachomeza, hata dawa za mitishamba. Mama mjamzito tunamwomba asubiri ajifungue.

Siki, kitunguu saumu na magadi sitazungumzia sana. Ukucha hauponi kwa hizo, na kitunguu saumu kikifungwa kwenye ngozi kwa muda huiunguza.

MkaziWaUmoja:

Daktari, mimi nilimeza hizo terbinafini wiki zote 12, nikamaliza, na ukucha bado nusu yake ni mbovu. Nimepoteza hela? Nirudie?

AfisaWaKliniki:

Usirudie kabla hujaangalia mzizi. Dawa hii hujikusanya kwenye ukucha na hubaki humo kwa miezi baada ya kidonge cha mwisho, ikiendelea kufanya kazi. Ukimaliza wiki 12, ukucha wa kidole gumba umeota kama milimita tatu au nne tu. Haiwezekani uwe msafi wote. Swali ni: ile sehemu mpya iliyotoka mzizini ni safi, laini, yenye rangi ya waridi kwa chini? Kama ndiyo, dawa imefanya kazi na unachohitaji ni muda. Kama ubovu umefika mzizini au umerudi nyuma, rudi kwa aliyekutibu.

RangiYaKucha:

Hapa niongeze kitu tunachoweza kumfanyia mteja sisi wa saluni. Pale ukucha mbovu unapokutana na mzima, chora mstari mwembamba sana kwa pembe ya tupa, juujuu tu, usizame. Piga picha. Kila mwezi piga nyingine, mwanga uleule, kidole kilekile. Mstari ukisogea mbele na ubovu ukabaki mbele ya mstari, unapona. Ubovu ukiuvuka mstari kurudi nyuma, hauponi. Nimeona watu waliokuwa karibu kukata tamaa wakatulia kabisa baada ya kuona picha mbili zikiwa pamoja kwenye simu.

Na katika miezi hiyo mtu asirudi kwenye viatu vilevile bila kuvishughulikia. Chembe za fangasi hukaa kwenye kiatu miezi mingi zikingoja mguu.

Hadubini:

Mimi niko maabara. Naomba mnaotumwa kupima ukucha msome hapa.

Njoo bila rangi, bila jeli. Usizikate kucha zote fupi jana yake kwa kuona haya, maana tunakosa cha kuchukua. Kama umekuwa ukipaka au kumeza dawa ya fangasi, mwambie aliyekuandikia kipimo, kwa sababu kwa kawaida husimamishwa wiki kadhaa kwanza. Usipofanya hivyo jibu linaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Ncha iliyokufa haitusaidii sana. Tunatafuta ule ungaunga wa chini, mbali nyuma, karibu na pale ukucha mzima unapoanzia, kwa sababu huko ndiko fangasi iliyo hai inakosonga mbele. Tunaukwangua, tunauweka kwenye kioo pamoja na potasiamu haidroksaidi, keratini inalainika na kuyeyuka, na fangasi inabaki. Kwenye hadubini unaiona kama nyuzi zenye matawi zinazokatiza seli. Jibu hili linaweza kutoka siku hiyohiyo. Kuotesha, ili tujue ni fangasi ya aina gani, huchukua hadi wiki nne. Jibu likisema hakuna kitu na daktari bado anashuku, kubali kurudia. Sampuli moja hukosa, na huo si utapeli wa maabara.

BintiWaMamaFua:

Nimesoma yote lakini yanahusu miguu. Mama yangu ni mama fua, huzunguka mitaa ya Umoja na Buruburu. Shida yake iko mikononi. Nyama inayozunguka kucha imevimba, ile ngozi laini inayoshika ukucha kwenye mzizi imeisha kabisa, ukibonyeza wakati mwingine panatoka usaha kidogo. Kucha zenyewe zimekuwa na mabonde. Amepaka krimu ya fangasi muda mrefu na hapati nafuu.

AfisaWaKliniki:

Mpe mama pole. Hiyo ni hali nyingine. Maji na sabuni kila siku huiua ile ngozi laini ambayo ni kizibo cha asili. Kizibo kikitoka, sabuni, maji na vijidudu vinaingia chini ya nyama, uvimbe unakuwa wa kudumu, na ndipo fangasi ya aina ya Kandida nayo inapojiunga. Kwa hiyo krimu ya fangasi peke yake haitoshi. Mara nyingi tunampa mgonjwa krimu ya steroidi ya kutuliza uvimbe kwa muda maalumu, na dawa ya fangasi au ya bakteria tukiona inahitajika. Usimnunulie ya steroidi bila kuonwa.

Dawa kubwa zaidi ni ukavu. Avae glavu za mpira, na ndani yake glavu nyembamba za pamba, kwa sababu ndani ya mpira peke yake mikono hutoa jasho na tatizo linabaki. Pamba ikilowa abadilishe. Akimaliza kazi akaushe vizuri, apake mafuta mazito ya mgando kuzunguka kucha. Asisukume wala kukata ile ngozi inayojaribu kuota tena. Na apimwe sukari.

RangiYaKucha:

Wenye nyumba mnaosoma hapa, mama fua akija kwako mnunulie glavu pamoja na ile sabuni ya kufulia. Zikae kwako, ni zake akija. Mikono ya mama huyu ndiyo chakula cha watoto wake, na hivi sasa anailipia mwenyewe.

Kwa wenzangu wa saluni: tuache kukata ile ngozi laini. Najua wateja wanaipenda ikiwa imekatwa safi, picha zinatoka vizuri. Loweka, isukume kidogo sana kama ni lazima, kata tu kipande kilichokwisha kuchomoza na kufa. Alichoeleza daktari hapo juu kuhusu maji na sabuni, sisi tunakifanya kwa koleo.

MatatuNaRege:

Mimi nina mstari mweusi kwenye ukucha mmoja wa mguu, umenyooka kutoka mzizini hadi nchani. Huo nao ni fangasi? Nauliza kwa sababu sisi wa rege tunajua habari ya Bob Marley.

AfisaWaKliniki:

Umeuliza la maana. Sisi watu weusi tuna mistari ya hudhurungi kwenye kucha kwa wingi, huongezeka na umri, na ikiwa kwenye kucha kadhaa, myembamba, isiyobadilika, kwa kawaida haina neno. Bob Marley mwaka 1977 aligunduliwa kuwa na melanoma, saratani ya seli za rangi, chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mwanzoni jeraha lile lilichukuliwa kuwa la mpira.

Yatakayokufanya uende haraka ni haya: mstari ni wa ukucha mmoja tu na unapanuka, rangi yake si sawa kote, weusi umetoka kwenye ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni au ya mzizini, ukucha unapasuka pale pale au unatoa damu bila kuumia. Wewe una mmoja, kwa hiyo usingoje hata kama haya mengine huyaoni. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi, hata kliniki ya ngozi ya Hospitali ya Kenyatta. Kemisti asikuuzie krimu kwa hilo.

Nikiwa hapo hapo, ukucha unaoanza kuwa mweupe kutoka mzizini, badala ya nchani, ni dalili ambayo huonekana zaidi kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Ukiuona, pima HIV kama hujui hali yako. Matibabu yapo.

MzeeWaDagoretti:

Wanangu, nina sukari kwa miaka mingi. Kucha za miguu zimekuwa ngumu na zimejikunja. Najikata mwenyewe na wembe. Miguu haina uchungu kwa hivyo sijaona shida.

RangiYaKucha:

Mzee wetu, tafadhali wembe uweke chini. Hilo la kutosikia uchungu ndilo linalonitia hofu.

AfisaWaKliniki:

Mzee, dada amesema kweli. Sukari ikiharibu mishipa ya fahamu, mguu hukatwa bila wewe kujua, na damu isipofika vizuri kidonda hakifungi. Ukucha mnene wa fangasi hukandamiza nyama ya chini hadi ikachubuka, na nyufa za kati ya vidole huingiza bakteria, mguu mzima unavimba na kuwa na joto. Kwa mtu asiye na sukari haya huwa ni kero. Kwako wewe yanaweza kufika kwenye kukatwa mguu.

Nenda kliniki yako ya sukari, waambie wakuangalie miguu na wakukate kucha huko. Nyumbani, kila jioni angalia miguu juu, chini na kati ya vidole. Kama kuinama ni shida, weka kioo sakafuni au mwite mjukuu. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto, huwezi kujua yanakuunguza. Paka mafuta nyayoni, ila kati ya vidole usipake. Viatu vyako vitikise kabla ya kuvaa, jiwe dogo linatosha kuleta kidonda.

KiatuGikomba:

Nauza viatu vya mitumba. Watu wakisoma uzi huu si wataniogopa? Nisaidieni na mimi.

RangiYaKucha:

Hakuna wa kukuogopa ukifanya kazi vizuri, nusu ya jiji hili linavaa kutoka Gikomba, nami nimo. Soli ya ndani inayotoka itoe na uitupe, weka mpya. Ndani pangusa kwa kitambaa chenye spiriti hadi kwenye ncha ya vidole, maana hapo ndipo watu husahau. Vya kitambaa na raba vifuliwe kwa sabuni na maji ya moto. Vyote vikauke juani kabisa kabla ya kupangwa. Mnunuzi naye avae na soksi, na asijaribishe pea baada ya pea na mguu mtupu.

BeseniNaBrashi:

Mimi ni kijana ninayetembeza huduma ya kucha sokoni na mitaani. Nina beseni moja, vifaa seti moja, maji ni ya jerikeni. Sina mashine za saluni kubwa. Sitaki kumwambukiza mama wa mtu. Nianzie wapi?

RangiYaKucha:

Umeuliza swali ambalo saluni nyingi zenye viyoyozi hazijawahi kujiuliza. Nitakujibu kwa kirefu.

Tafuta seti ya pili ya vifaa vya chuma, hata kwa kudunduliza. Ukimaliza mteja, seti aliyotumia isugue kwanza kwa sabuni na brashi ya meno, hasa kwenye bawaba ya kikata kucha, ungaunga unajificha pale. Dawa yoyote haipiti kwenye uchafu, kwa hiyo anayechovya bila kusugua anajidanganya. Suuza, kausha, kisha itumbukize yote kwenye kopo la spiriti ya asilimia 70 wakati unatumia seti ya pili kwa mteja mwingine. Izame kabisa, angalau dakika kumi. Usiku chemsha zote kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, dakika 20 tangu maji yaanze kutokota, kisha zikaushe, zisishike kutu.

Tupa za karatasi, vijiti vya mbao na sponji za kutenganisha vidole havisafishiki. Kimoja kwa mtu mmoja, kisha mpe aende nacho au ukitupe. Tupa ndefu unaweza kuikata vipande vinne, kila mteja kipande chake, gharama inashuka. Lile jiwe la kusugua kisigino ndilo linaloniumiza moyo ninapoliona likipita mguu hadi mguu soko zima. Mwombe mteja wako wa kudumu anunue lake.

Beseni lisugue kwa sabuni, suuza, pitisha maji yenye Jik kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, yakae dakika kumi, mwaga, suuza tena. Taulo moja kwa watu wengi hapana, beba vitambaa vidogo vingi vya pamba. Miguu ikaushe kabla ya kupaka rangi, kati ya vidole vyote, hata mteja akikuharakisha. Kucha za mguu zikate kwa kunyoosha, usizamie pembeni. Mteja mwenye kidonda, au mwenye sukari kama mzee wetu hapo juu, usimguse na wembe. Mwelekeze hospitali.

Na kama siku moja utafungua kibanda, weka akiba ya mashine ya mvuke, ile inayofika nyuzi 121 na kukaa hapo dakika 15 au zaidi. Vile visanduku vya taa ya samawati vinapendeza machoni mwa wateja, lakini havisafishi kifaa. Mwanga hauingii kwenye bawaba.

MamaBweni:

Mwanangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Amekuja likizo na vidole vinanuka na kubanduka katikati, ukucha mmoja umeanza weupe pembeni. Anarudi shule wiki ijayo. Nimfungie nini kwenye sanduku?

AfisaWaKliniki:

Mama, mpeleke aonwe kabla hajarudi. Ngozi itibiwe sasa kwa krimu ya kupaka, na aendelee hata baada ya kuwasha kuisha, kwa muda atakaoambiwa. Watoto huota kucha haraka kuliko sisi, ukucha ukikamatwa mapema una nafasi nzuri. Angalieni na miguu ya wengine nyumbani, ugonjwa huu hupitia familia zinazotumia bafu moja.

RangiYaKucha:

Kwenye sanduku weka patapata zake mwenyewe, aziandike jina, na asiingie bafuni bila hizo hata kama wenzake wanaingia pekupeku. Hata wanaoishi kwenye ploti zenye bafu moja kwa milango minane, hili lawahusu. Weka soksi za pamba za kutosha siku sita bila kurudia, taulo ndogo ya miguu tofauti na ya mwili, kikata kucha chake ambacho hakiazimwi, na kama mfuko unaruhusu, pea ya pili ya viatu vya shule ili kila pea ipumzike siku nzima kabla ya kuvaliwa tena. Akishindwa kukausha kati ya vidole kwa taulo kwa sababu ya kukimbilia kengele, atumie karatasi ya chooni. Mwonyeshe wewe mwenyewe nyumbani, kidole kimoja kimoja, kabla hajaondoka.